Msaragambo wa Jumapili

Juzi fundi alifungua tangi la maji ya mvua lililofukiwa nyuma ya nyumba yangu hapa mjini, akaanza kuchota tope lililolala chini miaka na miaka. Harufu ikapanda, ikaingia hadi jikoni. Watoto wangu wakakimbia wameziba pua. Mimi nikatoka na kikombe changu cha chai nikasimama palepale kuinusa, na nikajikuta nimekasirika, ile hasira ya zamani inayonyoosha mgongo, hata fundi akaniuliza kama kuna kitu amekosea. Nikamwambia aendelee tu. Ningemwelezaje kwamba kwangu mimi hiyo ni harufu ya Bibi akiwa amevaa nguo zake za kanisani?

Wa rika langu mliolelewa na bibi hamhitaji maelezo marefu. Mama yuko mjini anatafuta maisha, mtoto yuko milimani na mtu mwenye magoti mabovu na mdomo mzima. Kijiji chetu kilikuwa juu kabisa, Upareni, mahali ambapo ukisimama nyuma ya kanisa unaiona barabara kuu kule chini, Hedaru, na malori yake yakitambaa bila sauti. Kanisa lenyewe, la Kilutheri, lilijengwa kwa mawe na watu ambao wote walikuwa wameshazikwa nyuma yake, akiwemo Babu. Waliobaki kusali ndani walikuwa wazee watupu. Vijana walikuwa Same, Arusha na Dar es Salaam, na wale waliobaki kijijini walishinda kwenye bodaboda na mashamba ya tangawizi, na Jumapili walilala. Kwa kuwa sikuwahi kuona kijana amekaa kwenye mabenchi yale isipokuwa Krismasi, niliamini kwamba watu huanza kusali wakishaota mvi, kama wanaume wanavyoota ndevu. Nami nilikuwa nangoja mvi zangu bila haraka.

Baada ya ibada tulitoka nje kwenye mnada wa sadaka za mazao, na hapo ndipo ungecheka. Bibi alileta mayai, Mzee Eliamini akayanunua. Mzee Eliamini alileta mkungu wa ndizi, Bibi akaununua. Jumapili iliyofuata ni hivyohivyo. Huyu Mzee Eliamini alikuwa mzee wa kanisa na jirani yetu, mrefu, jicho lake moja linaona na jingine linatoa machozi tu. Yeye na Bibi waligombana juu ya kila jambo, ila kanisa lile walilishikilia pamoja. Mwinjilisti alikuwa amestaafu na hakuletwa mwingine. Mchungaji alipanda mara moja kwa mwezi kwa pikipiki. Jumapili nyingine zote waliongoza ibada wao wawili kwa zamu, kila mmoja akimkosoa mwenzake njia nzima ya kurudi nyumbani.

Mchungaji alikuwa bado kijana, mpole, mwenye usharika wa mitaa mingi, makanisa madogo kama letu, na pikipiki isiyopenda milima. Simsemi vibaya. Siku aliyotuletea ile habari aliisema huku akiitazama kofia yake ya pikipiki. Usharika ulikuwa unapanga mambo ya miaka ijayo, akasema, na mtaa usio na watoto wa kipaimara, usio na kwaya, usioifikia jamii inayouzunguka, ungeunganishwa na mtaa wa chini, karibu na barabara. Wazee wakae, wafikiri, na akija tena wamwonyeshe jinsi watakavyoifikia jamii. Pasipo cha kuonyesha, mabenchi na kengele vingeshushwa chini vikatumike. Akaongeza kwamba wazee wasiwe na hofu, zingetafutwa bodaboda za kuwashusha kila Jumapili.

"Kushuka nitashuka, hata kwa kuserereka," Bibi akamwambia. "Kupanda atanipandisha nani?"

Mchungaji akaivaa ile kofia, akaondoka.

Kulikuwa na jambo jingine chini ya hilo. Baba mdogo, mwanawe Bibi wa mwisho, alikuwa na nyumba Same mjini, na kila likizo alimbembeleza Bibi akakae naye. Kuna umeme, kuna hospitali, hakuna vilima. Bibi alikuwa na jibu moja tu: nani atafungua kanisa? Baba mdogo ni mtu wa heshima na jibu hilo lilimfunga mdomo. Kanisa likifungwa, jibu nalo limekwisha. Bibi angewekwa kwenye chumba cha nyuma chenye joto la Same, atazamane na ukuta, na mimi ningerudishwa kwa mama ambaye hakuwa hata na kitanda cha pili. Hayo sikuyafikiri mwenyewe. Nilimsikia Bibi akimweleza Mzee Eliamini huku anapura maharage kwa nguvu kuliko maharage yalivyohitaji.

Wazee wakakaa kikao. Mmoja akashauri wanunue spika kubwa, akaulizwa kama anataka kuwahubiria nyani. Mwingine akashauri waanzishe kwaya ya vijana. Wakaanza kutaja vijana wanaowajua, na kila waliyemtaja alikuwa na wajukuu. Kikao kilikaribia kuvunjika kwa huzuni, ndipo Bibi alipolitaja neno ndiva.

Ndiva ni bwawa letu la kumwagilia, lilichimbwa na mababu juu ya mashamba. Maji ya kijito huingia humo usiku, asubuhi mlango unazibuliwa, mfereji unayapeleka shambani kwa zamu. Lakini ndiva hujaa tope, na tope la ndiva halizolewi na mtu mmoja. Hiyo ni kazi ya msaragambo. Pembe ya tandala inapulizwa alfajiri na kila nyumba inatoa mtu na jembe, awe Mlutheri, Msabato au Mwislamu. Nyumba isiyotoa mtu, wenzake wanaifuata jioni na kuondoka na jogoo au mbuzi, na hakuna pa kulalamika. Ila tangu wenye uwezo waliponunua mipira ya plastiki na kuvuta maji yao moja kwa moja kutoka kijitoni, pembe haikulia tena. Ndiva ikaota magugu. Walioumia ni wasio na mipira, wengi wao wajane, pamoja na Bwana Rajabu, Mwislamu aliyelima chini ya shamba letu, ambaye maharage yake yalikauka akiyatazama.

Pembe alikuwa nayo Mzee Eliamini, urithi wa baba yake, imelala darini. Bibi akasema tutaizoa ndiva. Mzee Eliamini akauliza nani atazoa, akaambiwa sisi. Akasema watu watatucheka. Bibi akasema waacheni wacheke, kucheka kwao hakuongezi tope. Wakabishana hadi jua likazama, wakakubaliana siku: Jumapili ile ambayo Mchungaji atapanda, ili aone kwa macho yake.

Hapo ndipo walipofanya kosa ambalo hulifanya watu wa kwetu tu. Msaragambo hauitwi Jumapili. Haujawahi. Pembe ikilia Jumapili maana yake ni janga: nyumba inaungua, mtu ametumbukia, mlima umeporomoka. Wazee wale walilijua hilo kuliko mtu yeyote kijijini, na kwa jinsi walivyochemka hakuna aliyelikumbuka. Au labda Bibi alilikumbuka. Sina hakika mpaka leo.

Mimi sikuambiwa kitu, nikabaki kusoma dalili. Jumamosi, zile sufuria kubwa za msiba zilitolewa stoo ya kanisa. Makande yakabandikwa ya kulisha watu wengi. Majembe yakanolewa. Wanawake wakawa wanasema kwa sauti ya chini, wakiniona wananyamaza. Kwa mtoto wa kijijini hapo hakuna fumbo: kuna mtu amekufa na hawataki kuniambia. Nikapita nyumba hadi nyumba nikisingizia kuomba chumvi, nikimtafuta asiyekuwepo. Wote walikuwepo, tena wakali, tena wananiuliza kwetu tunapika nini kinachomaliza chumvi namna hiyo. Basi nikaona kwamba bado hajafa mtu, ila kuna mmoja anajiandaa, na kwa kuwa Bibi ndiye aliyekuwa anatoa amri zote, na ndiye mwenye magoti, nikajua ni yeye. Roho iliniuma vibaya. Jioni nikajikaza nikamuuliza kama atakufa kesho.

"Kesho sina nafasi," akasema, akaendelea kuchochea kuni.

Alfajiri pembe ikalia. Kama hujawahi kuisikia, siwezi kukusaidia. Inaingia tumboni kabla ya masikioni. Nilipofika ndivani nikimfuata Bibi, wazee walikuwa wameshafika, na wote wamevaa nguo za ibada, kwa sababu walipanga kuzoa kidogo kisha waende kanisani. Wanaume na makoti yao, wanawake na vilemba vyeupe. Bibi akapandisha gauni lake la bluu, akalifunga na kanga kiunoni, akaingia topeni. Tope likaamka. Harufu ile ikatufunika sote, nzito, ya vitu vilivyooza na vitu vinavyotaka kuota, na yule niliyedhani anajiandaa kufa akawa anamtukana Mzee Eliamini kwa Kipare kwa sababu ameshika jembe kama mwiko.

Ndipo kijiji kikaja kinakimbia. Walikuja na ndoo, kamba na mapanga, mmoja kajifunga taulo tu, wanawake wamebeba watoto, wote wanahema, wote wanatafuta moshi. Mbele yao alikuwa Mbonea, dereva wa bodaboda ambaye hakuwa ameingia kanisani tangu apate kipaimara. Akasimama ukingoni akauliza moto uko wapi. Bibi, tope magotini, akamtazama tu mpaka kijana akakumbuka.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Hakuna moto. Ni msaragambo."

"Leo Jumapili? Bibi, mmetuzingua kinoma."

"Basi rudi ukalale, mwanangu," Bibi akasema kwa upole. "Jioni tutapita kwenu. Mbuzi wenu bado ni yule mwenye doa?"

Kila mtu alikuwa na hasira, na kila mtu alijua kwamba pembe imelia, na ikilia imelia. Aliyeingia wa kwanza ni Bwana Rajabu, akavua viatu, akasema jina la Mungu, akashuka. Wakafuata wajane. Wakafuata wenye mipira, kwa aibu, maana ndiva ilijaa tope tangu waiache. Mbonea aliingia wa mwisho, akilalamika, na ndiye aliyezoa kuliko wote. Mimi nililia kwa furaha kwamba hakuna anayezikwa. Bibi akanipa ndoo, akaniambia machozi hayazoi.

Mchungaji alikuta kanisa tupu. Akafuata sauti, akafika na joho lake mkononi, na kwa mara ya kwanza nilimwona amekasirika. Akasema leo ni siku ya Bwana. Akasema wamekiamsha kijiji kizima kwa hofu ya uongo. Yote mawili yalikuwa kweli. Mzee Eliamini akajiegemeza kwenye jembe.

"Ulisema tuifikie jamii," akasema. "Imefika."

Mchungaji akawatazama watu wale waliokuwa wamepakwa tope hadi kwenye nyusi. Akakaa, akala makande pamoja nasi juu ya majani ya mgomba, akaomba sala fupi. Kisha akamwita Bibi pembeni na kumwambia ukweli, na mimi nilikuwa nyuma ya Bibi kama kawaida. Wamekuja kwa ajili ya ndiva, akasema, hawakuja kwa ajili ya kanisa. Hawezi kuwaandika hawa kuwa washarika. Uamuzi wa usharika uko palepale. Njia nzima ya kurudi nyumbani Bibi hakumkosoa mtu, na hapo nikajua hali ni mbaya.

Msije mkangoja wongofu, niwaambie mapema: Jumapili iliyofuata vijana walilala kama kawaida yao. Ndiva ilijaa maji safi, mfereji ukaimba, maharage ya Bwana Rajabu yakatoa maua. Kanisani tulikuwa sisi na wazee walewale. Mayai yakanunuliwa, ndizi zikanunuliwa. Mimi nilimchukia kila mtu aliyemwagilia shamba lake kwa maji yale na kupita mbele ya mlango wetu bila kugeuza shingo.

Siku ya kuhamisha vitu, Jumapili baada ya ibada ya mtaa wa chini, Mchungaji alipanda na pikapu, joho lake bado mkononi, na Baba mdogo akapanda naye ili amchukue Bibi. Begi la Bibi lilikuwa limefungwa tayari, dogo, la mtu anayetaka ionekane kwamba hajakubali. Alikuwa ameamka mapema akafagia kanisa, akafuta vumbi, akafungua mlango mwenyewe, kwa sababu alisema hataki mgeni aseme alikuta kwake pachafu. Pikapu ilishindwa ule mwinuko wa mwisho, matairi yakazunguka palepale yakirusha kokoto. Ikabidi mabenchi yabebwe hadi kwenye gari, na wazee hawakuwa na mabega ya kazi hiyo, wala wasingeifanya hata wangekuwa nayo. Mchungaji akawaita akina Mbonea.

Walikuja upesi, na hilo liliniuma zaidi. Wakaingia kanisani na viatu vyao vya tope, wakatoka na benchi la kwanza, watatu watatu, wakicheka. Nilisimama karibu na kaburi la Babu nimekunja ngumi. Bibi alisimama kando yangu, na kwa mara ya kwanza aliniegemea, uzito wake wote, mkono wake begani kwangu. Wakatoa la pili. Wakatoa yote. Lakini hawakuyapeleka kwenye njia ya gari. Waliyapanga pale uani, mstari nyuma ya mstari, yakielekea mlango wa kanisa. Mbonea akafuta vumbi la benchi la mbele kwa mkono wa shati, akakaa.

Wenzake wakakaa. Wajane wa mfereji wakatokea nyuma ya migomba, inaonekana walikuwa wanangoja huko, wakakaa na watoto wao. Wakaja Wasabato, wakasema wao ibada yao walishaisali jana, leo wamekuja kukaa tu. Akaja Bwana Rajabu na kofia yake safi, akachagua mbele kabisa. Dereva wa pikapu akamsogelea akamuuliza kama yeye si Mwislamu.

"Ni Mwislamu," akasema Bwana Rajabu. "Na huyu mama aliingia topeni na magoti yale, maji yakaja shambani kwangu. Benchi lake halishuki nikiwa hai. Sasa nisimamishe."

Dereva hakumsimamisha. Mchungaji akamtazama Mbonea, na Mbonea, kwa mara ya kwanza bila kukumbushwa, akamwamkia. Kisha akamwambia kwamba kwa heshima zote hawajaja kuokoka, asije akafurahi bure. Ila mabenchi haya yana watu, na gari linaweza kurudi tupu. Na Jumapili ijayo yatakuwa na watu, na ile nyingine, hata kama watu wenyewe watakuwa wamelala wamekaa. Kama usharika unataka kuyachukua, uje uwabebe na wao.

Hakuna aliyecheka. Baba mdogo alitazama huku, akatazama kule, halafu akaliweka begi la Bibi chini mwishoni mwa mstari na kukaa juu yake, kwa kuwa nafasi kwenye mabenchi ilikuwa imekwisha.

Bibi akaondoa mkono wake begani kwangu. Akatembea katikati ya mabenchi polepole, akinyoosha kanga, hakumshukuru mtu, hakumsalimia mtu, akafika mbele ya Mchungaji aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Watu wameshakaa, Mchungaji," akasema. "Vaa joho."